Nimeshamwaga wino kazi ya Mtwara, sasa Dar wananiita: nichomoe au niende?

Stoo Kipa (Ijumaa, saa 4:10 usiku)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, nivumilieni. Hili jambo kazini siwezi kuligusa, na nyumbani tumelizungumza mpaka chai ikapoa mara mbili.

Mimi ni msimamizi wa stoo, miaka 34, nimepanga Tabata. Miaka minne nipo kwenye kampuni ya vipuri vya magari, hapa Dar. Mwezi wa nane jamaa mmoja niliyewahi kufanya naye kazi, sasa hivi yupo kiwanda cha kubangua korosho Mtwara, akanipigia: wanatafuta mtu wa ghala kabla msimu haujaanza, tuma CV. Nikatuma. Nikasailiwa kwa simu, nikasailiwa tena kwa video, wakanipeleka kupima afya kliniki moja ya hapa hapa mjini kwa hela yao, barua ya ofa ikaja. Milioni moja na laki nne kabla ya makato, nyumba ya kampuni juu, kuanza tarehe 1 Oktoba. Nikasaini kila ukurasa, nikaskani, nikarudisha. Tarehe 1 mwezi huu nikawapa mabosi wangu notisi ya siku 28.

HR wa Mtwara ni mama mmoja mstaarabu sana, ananiita "baba". Juzi kati kaniuliza navaa kiatu namba ngapi ili waniagizie vile viatu vya usalama vyenye chuma mbele. Nikamwambia 44.

Sasa jana mchana nipo juu ya ngazi nahesabu beringi, inaingia namba ngeni. Ni kampuni ya bandari kavu, Kurasini. Nilifanya usaili kwao mwezi wa sita, wakakaa kimya, nikajua nimepigwa chini. Dada wa watu anasema hongera, tumekuchagua, unaweza kuanza katikati ya Oktoba? Milioni moja na laki tisa. Nilishuka kwenye ngazi taratibu nikakaa juu ya boksi.

Mke wangu ni muuguzi wa serikali, kituo chake kipo hapa Dar. Mtoto yupo la pili.

Kinachoninyima usingizi si kampuni. Ni yule jamaa aliyeniunganisha. Ameniombea kazi kwa jina lake, kasimama mbele ya meneja kasema huyu namjua. Nikichomoa, namwacha na uso gani pale kiwandani?

Nichomoe au niende? Matusi kidogo tu tafadhali.

---

Mtaani Tangu 2020

Mkuu, wakati unaendelea kuwaza naomba namba ya huyo mama HR. Diploma ya ununuzi na ugavi, nimemaliza 2020, cheti kimeshashika vumbi. Mimi Mtwara hata kesho asubuhi.

---

Chuma cha Pua

Chomoa bila kupepesa macho. Kampuni ikiyumba inapunguza watu, barua unapewa saa 3 asubuhi, saa 6 umesharudisha kitambulisho na getini mlinzi aliyekuwa anakuita bosi anakupekua begi. Hakuna meneja aliyewahi kufungua uzi humu saa 4 usiku kuuliza "wakuu, nimfukuze au nisimfukuze?" Fuata hela.

---

Mchovu wa Mbagala

Chuma, mimi nilifuata hela. 2021 nilisaini kazi ya Morogoro, kabla sijaripoti nikapigiwa simu na watu wengine wa hapa hapa mjini, mshahara mtamu. Ya Morogoro nikaichomoa siku hiyo hiyo kwa meseji (meseji, jamani, hata kupiga simu nilishindwa). Wale wa mshahara mtamu wakaniambia subiri wiki, barua ipo mezani kwa mkurugenzi. Wiki ikawa mwezi. Mwezi wa pili nikaenda mwenyewe, mapokezi wakaniambia ile nafasi imesitishwa.

Nimeuza mitumba Mbagala Rangi Tatu miezi kumi na moja. Sijutii mitumba, imenifundisha mengi. Ila lile shati la usaili nililiuza mwenyewe kwa mkono wangu, elfu nne.

Swali langu kwako Stoo Kipa: hiyo laki tisa umeiona kwenye karatasi, au umeisikia tu kwenye simu?

---

Stoo Kipa

Simu tu mkuu. Alisema barua inafuata.

---

Dada wa Faili

Nipo kwenye kazi za HR mwaka wa tisa, nikueleze upande wetu maana humu watu wanatuchora kama majini.

Kwanza, simu si ofa. Simu ni salamu. Mpaka barua iwe na jina lako, cheo, mshahara, aina ya mkataba, tarehe ya kuanza na sahihi ya mtu mwenye mamlaka ya kuajiri, wewe una kazi moja tu, ya Mtwara. Jumatatu asubuhi mpigie dada wa Kurasini, umshukuru, umwambie una notisi sehemu nyingine hivyo unahitaji barua ili upange mambo yako. Aliye serious anakuandikia ndani ya siku mbili. Ukisikia "wewe njoo tu, mengine tutayamalizia hapa hapa", kaka, kaa mbali.

Pili, Mtwara. Tunapoajiri tunabaki na mtu wa pili, wakati mwingine na wa tatu. Hatuwaambii haraka kwamba wamekosa, tunasubiri wa kwanza aripoti. Ndiyo maana watu mnalalamika HR wako kimya. Huo ukimya uliokupata Kurasini tangu mwezi wa sita, ukiniuliza mimi, ni kwa sababu wewe ulikuwa mtu wa pili. Wa kwanza amechomoa au ameshindwa majaribio. Sikutukani, ni kazi ya kawaida. Ila ujue kuna mtu anakaa kimya vilevile anaisubiri Mtwara, na kila siku unayoendelea kuwaza ndiyo siku anayokubali kitu kingine.

Watu kuchomoa tumeshazoea, kunatuudhi lakini tunasahau. Tusilolisahau ni hili: mtu asiyeonekana siku ya kwanza, simu imezimwa, gari limetumwa stendi kumpokea. Huyo jina lake linabaki.

---

Chuma cha Pua

Sasa si aende Mtwara aanze, Kurasini wakitoa barua anaaga? Nasikia mwezi wa kwanza notisi ni siku saba tu.

---

Wakili wa Barazani

Ni kweli, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 41: notisi inayotolewa ndani ya mwezi wa kwanza haipungui siku 7. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 28. (Mimi ni wakili wa barazani tu, mwenye kesi amuone wakili wa ofisini.)

Lakini ndugu yetu hajaanza kazi. Alichonacho ni barua ya ofa iliyosainiwa pande zote, nayo ni makubaliano, si karatasi ya kufungia vitumbua. Aisome atafute mambo mawili: kuna kipengele cha kujitoa kabla ya kuripoti? Na kuna sehemu inayosema atarudisha gharama, kama vipimo, nauli, mafunzo? Kama ipo, alipe aondoke. Kama haipo, hakuna wa kumfunga pingu kumpeleka Mtwara kubeba korosho. Wanaweza kudai hasara, ila hasara inathibitishwa kwa risiti, na kwa mtu ambaye hata hajaripoti sioni mwajiri wa kuhangaika hivyo.

Jambo ambalo watu hawalijui ni kifungu cha 35. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumgusi mtu ambaye hajamaliza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Stoo Kipa, pale ulipo una miaka minne, una mizizi. Kokote utakakokwenda, Mtwara au Kurasini, nusu mwaka wa kwanza upo uchi. Kwa hiyo usilinganishe mishahara tu. Jiulize nani kati yao atakuwa bado anakuhitaji mwezi wa nne.

Na ukienda Mtwara, mkataba uandike kwamba umeajiriwa ukitokea Dar es Salaam. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri akurudishe wewe na mizigo yako mahali alipokuajiri mkataba ukivunjika, au akulipe gharama yake. Nimeona watu wamekwama na makochi yao mikoani kwa kukosa mstari huo mmoja.

---

Dada wa Faili

@Chuma, hilo la kwenda wiki moja ndilo baya kuliko yote. Nimemfungulia faili, nimemwingiza NSSF, nimempa nyumba, mtu wa pili nimeshamwambia pole. Halafu siku ya nane naletewa barua. Bora anitukane leo.

---

Mwana Hesabu

Naona watu wanashangilia laki tano ya tofauti. Tuikate kwanza. Nachukulia mshahara wote ni wa msingi, na kwa umri wako nadhani Bodi ya Mikopo ya wanafunzi bado wanakufuata.

Mtwara 1,400,000. NSSF asilimia 10 ni 140,000, inabaki 1,260,000 ya kutozwa kodi. 270,000 za kwanza hazikatwi. 250,000 zinazofuata asilimia 8, unalipa 20,000. 240,000 kwa asilimia 20 ni 48,000. 240,000 nyingine kwa asilimia 25 ni 60,000. Zimebaki 260,000 kwa asilimia 30, 78,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, jumla 206,000. Bodi asilimia 15 ya msingi, 210,000. Mkononi 844,000.

Dar 1,900,000. NSSF 190,000, PAYE 341,000, Bodi 285,000. Mkononi 1,084,000.

Laki tano imeshakuwa laki mbili na arobaini. Tabata unalipa kodi ya nyumba shilingi ngapi?

---

Stoo Kipa

250,000 kwa mwezi. Na Bodi ndiyo, bado ninao.

---

Mwana Hesabu

Basi ndiyo hivyo. Ukihamia Mtwara na familia, ukaachana na kodi ya Tabata, Mtwara inakuzidishia 10,000 kwa mwezi. Nyumba ya mwajiri nayo inahesabiwa kwenye kodi kama faida ya kazi, kwa hiyo hiyo 10,000 inaweza isibaki, lakini huwezi kusema Dar inakulipa mara mbili.

Ukienda peke yako, mke na mtoto wakabaki Tabata, unalipa kodi ileile na unaendesha majiko mawili. Hapo Mtwara inakufilisi.

Siyo kwamba zile za NSSF na Bodi zinapotea, NSSF ni akiba yako na deni la Bodi linapungua haraka ukilipwa zaidi. Nasema tu ubwabwa haununuliwi kwa mshahara wa kabla ya makato.

---

Mama Wawili

Nimesoma uzi wote tangu juu. Mjadala mzima wa korosho, bandari, sheria, kodi. Mke wako ametajwa mstari mmoja, "ni muuguzi wa serikali". Mwanangu, yeye anasemaje?

---

Stoo Kipa (Jumamosi, saa 1:30 asubuhi)

Mama shikamoo. Umenigusa.

Tulipopata Mtwara alifurahi, akasema ataomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Tukajipa miezi mitatu. Tangu hapo ameulizia kazini kwao, anaambiwa aandike barua, ipite kwa mganga mfawidhi, ipande juu, isubiri. Hakuna aliyemkatalia na hakuna aliyempa tarehe. Juzi usiku baada ya simu ya Kurasini hakusema nichomoe. Alisema tu, "mimi kesho nina zamu ya usiku, nani atamchukua mtoto shule?" Akaenda kuoga.

---

Mama Wawili

Marahaba. Basi ameshakujibu.

---

Mmakonde wa Ligula

Nawasalimu kutoka Mtwara. Watani zangu wa Dar wanaongea kama Mtwara ni mwisho wa ramani. Lami tupu, kilomita kama 560, unapanda basi asubuhi, jioni unakula pweza. Maisha rahisi, foleni hatuna. Ningependa uje.

Ila kuna swali hakuna aliyeuliza na ndilo la kwanza. Mkataba wako unasemaje msimu ukiisha?

Kiwanda cha kubangua kinakula korosho ghafi. Minada huanza mwezi wa kumi, na mzigo mkubwa unapanda meli kwenda Vietnam na India na maganda yake. Wabanguaji wa ndani wanagombania hapo hapo na wanunuzi wenye mitaji mirefu. Kiwanda kikipata mzigo wa kutosha kujaza maghala kufikia Januari, mwaka mzima mnabangua, kina mama wanamenya, malori yanatoka. Kikikosa, ikifika mwezi wa sita mashine zimefunikwa turubai na aliyebaki ni mlinzi na paka. 2018 ile serikali iliponunua korosho yote, jeshi likabeba, kuna ndugu zangu viwandani walikaa wanapiga bao.

Na wewe ni mtu wa ghala, ujue uzito wako. Siku magunia ya kwanza yanapoingia, wewe ndiye unayesimama kwenye mzani. Unapima unyevu, unapasua kokwa kuangalia ndani kukoje, unakataa lori au unalipokea. Korosho mbichi ikipokelewa Oktoba kwa kufumbia macho, Machi ni ukungu, na hasara hiyo hailipiki kwa mshahara wako wa miaka kumi. Ndiyo maana walikutaka tarehe moja na si tarehe kumi na tano.

Kwa hiyo ukiwachomolea wiki ijayo, umewaudhi. Ukiwachomolea tarehe 28, umewaua. Hilo ndilo la kupigia hesabu, hayo mengine mtajua wenyewe.

---

Stoo Kipa

Mmakonde, nimeamka kitandani kwenda kuitafuta ile barua kwenye begi.

Ukurasa wa tatu, kipengele cha 9. Mkataba ni miaka miwili, sawa. Halafu: mwajiri anaweza kusimamisha shughuli kwa muda, na malipo ya mfanyakazi katika muda huo yatakuwa "kwa makubaliano", kutegemea upatikanaji wa malighafi.

Sahihi yangu ipo chini ya ukurasa huo huo. Nimeweka na tarehe. Mtu ninayekataa kusaini hati ya kupokea mzigo kabla sijahesabu mpaka nati ya mwisho.

---

Chuma cha Pua

😂😂 Pole mkuu. Chomoa.

---

Mchovu wa Mbagala

Chuma tulia. Barua ya Kurasini kwanza.

---

Mtaani Tangu 2020

Mimi hata hicho kipengele cha 9 nakisaini. Mara mbili.

---

Wakili wa Barazani

@Stoo Kipa, "kwa makubaliano" maana yake walipaswa kukubaliana na wewe, na wewe unaweza kukataa. Kipengele hakikuui, lakini kimekuonyesha wao wenyewe wanaogopa nini.

---

Dada wa Faili

Swali dogo. Yule jamaa aliyekuunganisha umeshaongea naye? Maana tangu Ijumaa unamwogopa, na yeye ndiye pekee mwenye haki ya kukukasirikia. Mpigie kabla ya HR. Asije akasikia kwenye korido.

---

Stoo Kipa (Jumapili, saa 2 usiku) — MREJESHO WA KWANZA

Wakuu, nimempigia baada ya ibada. Nilijiandaa kama naenda kuposa. Nikaanza kwa mbali, hali ya hewa, watoto, Yanga. Mwisho nikamwambia kaka, kuna jambo limetokea, Kurasini wameniita.

Kimya. Nikasikia anacheka kidogo, kile cha puani.

Akaniambia, "Ndugu yangu, na mimi nimeandika barua Ijumaa. Naondoka mwisho wa mwezi."

Nikamuuliza unaondoka wapi, kiwandani? Ndiyo, kiwandani. Kapata kazi Lindi. Nikamuuliza ulijua lini? Akaanza kuzunguka, mara ilikuwa bado haijakaa sawa, mara hakutaka kunivunja moyo. Lakini wakuu, mimi nimeishi na yule bwana. Alijua tangu mwezi wa nane. Ile nafasi aliyoniunganisha nayo inapakana na yake. Kama mimi nipo pale, yeye anaondoka bila lawama, meneja ana mtu.

Tangu Ijumaa mimi nasononeka kwa ajili ya uso wake.

Sikumkasirikia sana, ajabu. Tumeagana vizuri. Ila lile jiwe lililokuwa limekaa hapa kifuani limeondoka lenyewe, na limeondoka na sababu pekee niliyokuwa nayo ya kwenda kwa lazima.

---

Mmakonde wa Ligula

Hii sasa ni tamthilia. Yaani ghala la kiwanda linakimbiwa na watu wawili kabla ya msimu? Naijua hesabu ya namna hiyo. Wakifika mwezi wa kumi hawana mtu kwenye mzani, watamweka shemeji wa mtu.

---

Mama Wawili

Usimchukie. Kila mtu anatafuta mlango. Ila wewe usitoke kwa namna aliyotoka yeye.

---

Chuma cha Pua

Na pale ulipo sasa? Bosi wako si anaweza kukuongeza ukabaki?

---

Stoo Kipa

Aliniongezea maneno mazuri. Barua ya kuacha ameshaipokea, na dogo niliyekuwa namfundisha ameshapewa ufunguo wa pili wa stoo. Huko sirudi.

---

Stoo Kipa (Jumatatu, saa 11 jioni) — MREJESHO WA PILI

Nimefuata maneno ya Dada wa Faili neno kwa neno. Saa 3 asubuhi nikampigia dada wa Kurasini. Saa 9 mchana barua ipo kwenye barua pepe. Kurasa nne. Safari hii nimeisoma nimekaa sakafuni, mke wangu ananisomea kwa sauti kama mtihani wa kusikiliza.

Mshahara 1,900,000, wote wa msingi. Mkataba miaka miwili. Majaribio miezi 6. Kuanza Jumatano tarehe 15 Oktoba. Zamu, yaani kuna wiki za usiku, hilo hawakulisema kwenye simu. Mke wangu aliposoma neno zamu aliniangalia tukacheka, maana nyumba yetu sasa itakuwa na wauguzi wawili.

Nimesaini. Kesho asubuhi napiga Mtwara. Ushauri wa mwisho wa maneno ya kusema?

---

Dada wa Faili

Piga, usiandike kwanza. Saa 2 na nusu, kabla hajaingia vikaoni. Sema jambo lenyewe kwenye sentensi ya kwanza, usimzungushe na hali ya hewa. Usimdanganye kwamba mama anaumwa, kila mwaka mama wa watu 20 wanaumwa mwezi wa tisa. Usikubali kuvutwa kwenye mnada wa mshahara kama umeshaamua. Jitolee kurudisha hela ya vipimo kabla hajaitaja. Ukishakata simu, barua fupi ifuate kwa maandishi. Mistari mitano.

---

Wakili wa Barazani

Na ihifadhi hiyo barua pamoja na risiti ya kurudisha hela. Karatasi haisahau.

---

Mchovu wa Mbagala

Na usitumie meseji. Nakuomba kama ndugu.

---

Stoo Kipa (Jumanne, saa 4 asubuhi) — MREJESHO WA MWISHO

Nimepiga. Nilikuwa nje ya geti la kazini, nimesimama kivulini kwa muuza mihogo.

"Mama shikamoo, ni mimi wa ghala, wa Dar. Nimepata kazi nyingine hapa Dar na nimeikubali, sitaweza kuja tarehe moja. Naomba radhi sana."

Alinyamaza mpaka nikaangalia simu kama imekata. Halafu akaniita kwa jina langu lote, la kwenye cheti. "Baba" imeisha. Akasema, "Unajua tuliwaacha wangapi kwa ajili yako?" Nikasema najua, mama. Akasema, "Hujui." Na kweli sijui.

Akaniuliza tu kama ni mshahara. Nikamwambia ni familia, mke wangu hajapata uhamisho, na kwamba nilipaswa kulifikiria hilo kabla ya kusaini na si baada. Hapo sauti ikashuka kidogo. Nikamwambia kuhusu vipimo, naomba nirudishe. Nilitegemea aseme achana nazo. Akasema, "Ndiyo, rudisha, ni 85,000," akanitumia namba ya malipo ya kampuni palepale. Nimeshalipa. Muuza mihogo ananiangalia nahangaika na simu, akanipa kipande cha bure, nadhani alijua nimefiwa.

Kabla hajakata akasema kitu ambacho kinanirudia tangu asubuhi. Si kwa hasira, ni kama mtu anajisemesha mwenyewe, huku nasikia anapekua makaratasi: "Na viatu vyako vimeshafika jana. Sasa hiyo 44 nitampa nani?"

---

Mmakonde wa Ligula

Umefanya vizuri kupiga mapema. Siku kumi na tano, watapata mtu. Ukija kutalii, pweza yupo.

---

Mtaani Tangu 2020

Mkuu Stoo Kipa.

Diploma ya ununuzi na ugavi, 2020. Nimefanya ghala la mbolea miezi minane, mzani naujua. Sina mke, sina mtoto, sina kochi.

Mimi navaa 44.

---

Stoo Kipa

Njoo inboksi sasa hivi. Yule mama anaingia kikaoni saa 5.